Farasi wa Rudewa na Mkanda wa Katani

Nasikia baadhi yenu mmepata kazi ya kuwapandisha wageni juu ya farasi, huko milimani kwenye baridi, ambako watalii wanapenda kupigwa na upepo. Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea habari. Akacheka, akasema, "Babu, ile kazi yako imerudi." Nikamwambia haikwenda popote. Ninyi ndio mlikuwa hamjazaliwa.

Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja la katani kule Rudewa, wilaya ya Kilosa. Nilianza wakati wa wazungu nikiwa kijana mwenye ndevu mbili tatu, Uhuru ukanikuta na ndoo mkononi, Azimio la Arusha likanikuta na brashi, na vijiji vya ujamaa vikanikuta nimeshika hatamu. Sikuacha kazi mpaka farasi wa mwisho aliponiacha yeye. Niliyoyajua nitawaambia. Mtakayoyaona ya kizamani yaacheni, ila msiyaache kabla hamjayajaribu.

Jambo la kwanza: farasi ni mjanja, tena mjanja wa kimya. Ukimfunga mkanda wa tumbo, ule unaoshika tandiko mgongoni, yeye anavuta pumzi na kutunisha tumbo kama mlevi anayejiandaa kuimba. Unakaza, unaridhika, unapanda. Mbele kidogo anashusha pumzi yake taratibu, mkanda unalegea, tandiko linazunguka, na wewe unazunguka nalo. Mimi lilinizungushia katikati ya mistari ya mkonge. Kama hujawahi kuangukia mkonge kwa makalio, usiniambie unajua maumivu. Kambi nzima ilikuja kunichomoa miiba, na wengine hawakuja kwa huruma, walikuja kutazama.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kisomali, Mzee Jama. Alikuwa mwembamba, mkali, na alizungumza na farasi kwa adabu kuliko alivyozungumza na sisi. Aliniacha nichomolewe miiba yote, ndipo akasema, "Umefunga mara moja. Farasi hufungwa mara mbili. Ya kwanza unamfunga anavyotaka yeye. Halafu mtembeze kwa mguu, akusahau. Ya pili unamfunga unavyotaka wewe."

Liandikeni hilo mahali.

Mzee Jama alikuwa na desturi ya kufumba macho kabla ya kuweka tandiko, akapitisha kiganja mgongoni mwa farasi kutoka shingoni hadi kiunoni, polepole. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anatafuta joto, uvimbe, punje ya mchanga, mwiba uliolala ndani ya manyoya. Alisema macho ni mavivu, yakiona manyoya yanang'aa yanaridhika. Mgeni akikalia kipele kidogo asubuhi, jioni kipele kimekuwa kidonda, na farasi mwenye kidonda mgongoni anakula bure mwezi mzima huku wewe ukimfukuzia nzi. Kwa hiyo fumbeni macho. Watu watawacheka, na miye walinicheka.

Nilikosea mengi. Kuna siku niliona huruma, kwa sababu farasi mmoja aitwaye Bahati alikuwa amefanya kazi kutwa nzima ya kumzungusha meneja mashambani, nami nikamwagia mahindi kama mgeni wa harusi, halafu ndipo nikampa maji. Ni kinyume. Maji kwanza, nafaka baadaye, tena kidogo kidogo. Tumbo la farasi halijui kutapika. Kilichoingia vibaya kinabaki humo kikimsokota. Bahati alilala chini, akajigeuzageuza, akatoka jasho. Mzee Jama hakunitukana. Alinipa kamba tu, akasema, "Mtembeze. Asilale. Akilala, lala naye kaburini." Nilimtembeza mpaka viatu vikaachana na soli. Hatimaye yule farasi akainua mkia na kujamba, mjambo mrefu wa kutisha kuku, na Mzee Jama akainua mikono, "Alhamdulillahi!" Hiyo ndiyo kazi mliyoipata, vijana. Furaha yake inakuja kwa namna hiyo.

Sasa niwaambie kwa nini Kilosa si nchi ya farasi. Ni kwa sababu ya mbung'o. Bonde la Rudewa lenyewe lilikuwa limefyekwa, mkonge mtupu, na banda la farasi lilikuwa na moshi wa mavi ya ng'ombe asubuhi na jioni, basi wadudu walikuwa wachache. Lakini ukishuka upande wa Kisanga na kuelekea Mikumi, kwenye mapori, mbung'o walikuwa wanakungoja kama wapiga debe. Meneja mzungu alijua hilo vizuri, maana hakuna asiyelijua, lakini alikuwa na rafiki Mikumi na alipenda kubahatisha. Alikwenda na farasi wawili kuwinda, akarudi nao wazima, akatuambia mnaona. Hazikupita wiki nyingi. Walianza kukonda huku wakila, macho yakatoa machozi, miguu ikavimba, na mmoja baada ya mwingine wakaanguka. Mzee Jama aliwazika kisha akakaa mlangoni mwa banda bila kuvua kofia. Siku ile niliapa moyoni kwamba farasi wengine wa banda lile hawatakufa kifo kile nikiwa hai. Kiapo cha kijana ni rahisi. Kazi ilikuwa kukitimiza.

Azimio lilipokuja, shamba likawa la umma. Meneja akaenda kwao, na Mzee Jama, ambaye kifua kilikuwa kimeshamchoka, akaenda kwa binti yake Morogoro, akafia huko. Wakabaki farasi watatu: Bahati, mwingine mkorofi tuliyemwita Kijiti, na Malkia, jike la rangi ya kahawia, mtulivu, mwenye mgongo mpana kama meza. Na nikabaki mimi.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alikuwa Bi. Mwanahawa, mama wa Kiislamu wa huko huko bondeni, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko korona yenyewe. Alikuja bandani akatazama juu kwenye paa, akatazama chini kwenye saruji.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Danieli, hebu niambie. Katika shamba hili zima, nyumba isiyovuja ni ipi?"

"Ni hii, mama."

"Na wanaolala humu ni nani?"

Nikageuka kumtazama Malkia.

"Wanangu wa kambini wanalala kwenye matope, kina mama wanakwenda korona na watoto mgongoni, vumbi la katani linawaingia mapafuni. Nataka chekechea. Na hawa wanyama wako wanakula pumba ambayo watu wanaililia. Wanafanya kazi gani?"

Nataka mwelewe, hakuwa mtu mbaya. Mngekuwa kambini siku zile mngempigia makofi, na mimi pia moyoni nilijua kuwa mtoto ni mtoto. Lakini nilijua pia farasi wakitoka pale watakwenda wapi. Kuna mtu alikuwa ameshaulizia, alitaka kuwapeleka Mikumi, kwenye hifadhi mpya, wageni wakatazame wanyama kutoka mgongoni. Asiyekwenda Mikumi angepigwa risasi na bwana mifugo, naye bwana mifugo aliniambia kwa upole kabisa kwamba risasi ndiyo ingekuwa huruma.

"Masika wana kazi," nikamwambia Bi. Mwanahawa. "Barabara ya milimani ikikatika, lori halipandi na dawa hazifiki. Kule ni kwetu, nakujua. Farasi anapanda."

"Punda hapandi?"

"Anapanda. Unaye?"

Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea. "Nipeleke mimi. Masika haya, daraja likikatika. Dawa za zahanati ya juu na mimi mwenyewe, nione kwa macho. Tukifika kabla ya magharibi na dawa zikiwa kavu, nitasimama upande wako kwenye kamati. Tusipofika, sitaki kusikia habari ya farasi tena mpaka nafukiwa."

Nikasema sawa, mama.

Basi nikaanza maandalizi, na hapa sikilizeni vizuri maana ndipo kazi ilipo. Farasi aliyekaa bandani hapandi mlima kwa sababu umemwomba. Nilianza kuwatembeza kila asubuhi, mwanzo bila mzigo, kisha na magunia ya mchanga, mwanzo tambarare, kisha kwenye tuta la reli, kisha kwenye mwinuko. Niliwazoesha mvua na vishindo vya makopo ya dawa. Nilichonga kwato zao na kuzisafisha mpaka ndani, kwenye ule mfinyo ambamo jiwe hupenda kujificha. Kijiti alinipiga teke, nikakaa siku kadhaa nikitembea kama kaa, nikarudi nikamchonga kwato iliyobaki. Tukaelewana.

Bi. Mwanahawa naye nilimfundisha. Alikuja na suruali ya marehemu mumewe ndani, gauni juu, khanga mbili juu ya gauni, akasema anayetaka kucheka acheke sasa kabla hajapanda. Hakuna aliyethubutu. Alipopanda Malkia mara ya kwanza alishika shingo kwa mikono miwili akasoma dua zote alizojua, akarudia. Mara ya pili alishika hatamu. Mara ya tatu aliniambia niache kumfuata kama mkwe.

Ilibaki mikanda ya tumbo. Ile ya zamani, iliyotoka Ulaya, ilikuwa imeoza, na mipya haikupatikana popote. Tukiwa katikati ya katani, ningetafuta nini kingine? Nilichagua nyuzi ndefu nyeupe, nikazisuka pana, nikazipiga kwa mti mpaka zikalainika, nikazipaka mafuta ya nyonyo. Zilipendeza. Kambi yote ilikuja kuziona. Wakasema huku ndiko kujitegemea, na mimi nikavimba kichwa, nikawa nazungumzia mikanda ile hata kwa watu waliokuja kuuliza habari nyingine. Niliijaribu juani, vumbini, mwinukoni. Ilishika vizuri kabisa.

Masika ikaja, daraja likakatika, tukaondoka alfajiri. Mimi nilipanda Bahati, Bi. Mwanahawa alipanda Malkia, Kijiti alibeba dawa zilizofungwa ndani ya ngozi na turubai. Mto tuliukuta umejaa, maji ya rangi ya chai yenye maziwa. Nilivuka kwanza na Kijiti, nikarudi, nikavuka tena nikiwa nimeshika kamba ya Malkia. Maji yaliwafika tumboni. Bi. Mwanahawa aliinua miguu akiwa anataja majina ya Mungu, tukatoka ng'ambo, nikajiona nimeshinda.

Malkia akagoma.

Si kawaida yake. Alisimama mwanzoni mwa mwinuko, masikio yamelala nyuma, anapumua pumzi fupi fupi. Bi. Mwanahawa akasema, "Mbona amesimama? Mpige basi."

"Teremka, mama."

"Nimepanda kwa taabu, leo uniambie teremka?"

"Teremka, mama. Tafadhali."

Akateremka. Nikapitisha kidole chini ya mkanda, kidole hakikuingia. Hata ukucha haukuingia. Katani ilikuwa imekunywa maji. Vijana, kamba ya katani ikilowa huvimba, na ikivimba hufupika. Kila mtu wa shambani anajua, ndiyo maana kamba za nguo hulegezwa mvua ikija. Nami, mtoto wa katani, nilikuwa nimeusuka mkanda, nikaupaka mafuta, nikaujaribu kila mahali isipokuwa kwenye maji, na sasa ulikuwa unamnyonga Malkia tumbo. Mafundo yalikuwa yamekuwa jiwe. Nilivuta kwa vidole, nikavuta kwa meno, hayakufunguka.

Nikachomoa kisu nikaukata. Nikaenda kwa Bahati nikaukata wake. Nikaenda kwa Kijiti, nikamshusha mizigo, nikaukata nao. Malkia alishusha pumzi ndefu, ngozi ya tumbo lake imekwanguka, lakini haijapasuka.

Bi. Mwanahawa alikuwa amesimama kwenye mvua akitazama ile mikanda matopeni. Akasema, "Wiki nzima umetuchosha masikio kwa kamba hizo. Umezikata bila kupepesa macho."

"Kamba nitasuka nyingine, mama. Mgongo na tumbo sina pa kuvisuka."

Jua hatukuliona, lakini nilijua mchana unakwenda, na mlima wote uko mbele yetu. Tandiko bila mkanda ni kigoda tu. Nilianza kuangalia shati langu, likawa jembamba mno. Ndipo nikasikia kitambaa kinavutwa. Bi. Mwanahawa alikuwa anafungua khanga zake, moja ya kiunoni, nyingine ya mabegani, akabaki na gauni na suruali ya mumewe, kichwa amekifunika kwa mtandio.

"Hizi ni pamba," akasema. "Zikilowa zitafanya nini?"

"Zitakaza kidogo tu, hazitavimba. Na ni pana, hazitamkwangua."

"Basi funga. Na usiniangalie hivyo, mimi ni mama yako."

Nilizikunja kwa urefu, tabaka juu ya tabaka, moja ya Malkia, moja ya Kijiti. Nikafunga, nikawatembeza, nikafunga mara ya pili. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa mguu, Bahati nikimvuta mtupu. Kabla mama hajapanda nilipanda mimi Malkia kwanza, nikazunguka, nikainama huku na huku, nikashuka. Akapanda. Alipokuwa juu nikamwambia kwamba kwenye mwinuko mkali kabisa itabidi ashuke atembee, maana farasi mwenye michubuko hasukumwi. Nilitegemea matusi. Akasema, "Utaniambia." Kila nilipomwambia alishuka, na katikati ya mlima akawa anashuka bila kuambiwa, akimshika Malkia hatamu na kumwambia, "Twende mwanangu, na mimi magoti yananiuma."

Tulifika kijijini adhana ya magharibi ingekuwa bado kidogo, kama kungekuwa na msikiti. Kule kwetu ni Waanglikana, kengele ndiyo iliyolia. Watoto walikimbia, wakarudi, wakauliza kama huyu ni punda aliyeshiba. Mganga wa zahanati alifungua turubai, akatia mkono kwenye kila boksi, akasema, "Kavu." Bi. Mwanahawa akaketi kwenye kizingiti, hakuinuka tena mpaka alipoinuliwa. Kesho yake alitembea kama mtu aliyejifungua mapacha.

Kwenye kikao cha kamati alisimama, nami nikakaa nyuma. Akasema farasi wana kazi, amewaona kwa macho, anayetaka kubisha akabishe na magoti yake. Watu wakacheka. Nikaanza kutabasamu. Akaendelea: "Kwa hiyo farasi wasipigwe risasi, na wasiende Mikumi. Waende milimani, wawe wa kijiji cha juu, ambako wana kazi na hakuna mbung'o. Na banda ni la watoto."

Nilikasirika, siwafichi. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepigania banda, kumbe nilipaswa kupigania farasi tu, na yeye aliliona hilo kabla yangu. Alinifuata nje. "Shamba litakupa kazi korona, mshahara wako utaendelea," akasema. "Au wafuate. Huko juu hakuna mshahara, kuna shamba la maharage na kazi ya kijiji. Chagua, sitakulaumu."

Mke wangu aliposikia, alicheka kwa hasira, akasema, "Nenda na wake wenzangu hao. Mimi nitakuja maharage yakiiva." Akaja kweli, na mpaka leo hajashuka.

Tulipanda na dawa kila masika, tukashuka na wagonjwa na akina mama waliokwama uzazi. Mikanda nilishona ya turubai, nikaitandika khanga kuukuu ndani. Bahati aliteleza kwenye korongo mwaka mmoja wa mvua kubwa, nikamlilia waziwazi. Kijiti alikufa kwa msokoto wa tumbo, nami nilimtembeza mpaka mwisho. Malkia akabaki. Mimi nikapata mvi, naye akapata mvi usoni. Barabara ikatengenezwa, magari yakaanza kupanda, kazi ikapungua, watu wakaniuliza namlisha wa nini. Meno yake yakaisha, nikawa namlowekea pumba kwenye maji ya moto, na majani namkatakatia madogo kama mchicha. Nikamfunika blanketi langu siku za ukungu. Sikuchoka. Nilikuwa na neno langu nililojiwekea, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuniambia limetosha.

Asubuhi moja nilimkuta amelala upande, miguu imenyooka vizuri, hakuna jasho, hakuna alama ya kujigeuza, nyasi zilizomzunguka hazijavurugika. Nikachukua jembe. Bwana mifugo, kijana mpya kutoka mjini, alisikia, akapanda kuja kuangalia kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Alimzunguka, akamfunua midomo, akapapasa tumbo na miguu, asione kitu.

"Mzee, amekufa kwa nini?"

"Uzee."

Akatabasamu, akidhani namficha jambo. "Babu, wilaya hii ina mbung'o. Farasi hafi kwa uzee Kilosa."

"Huyu amekufa kwa uzee," nikamwambia, nikaendelea kuchimba.